Vidole Viwili vya Mwisho

Kwenye kabati langu la nyumbani kuna kaunta buku tatu zisizo mali ya serikali. Ni zangu. Tangu nianze kazi ya ukunga mkoani Singida mwaka 1996, kila mama niliyemzalisha nimemwandika humo kwa mstari mmoja: tarehe, uzazi wa ngapi, uzito wa mtoto, alilia saa hiyo hiyo au hakulia. Majina sikuandika. Pembeni, kwa penseli, baadhi ya mistari ina kitone. Maana ya kitone hicho nilikuwa naijua peke yangu: mama huyu amekeketwa.

Sikuanza kwa nia ya utafiti. Kilichonianzisha ni saa. Leba niliyopangiwa mwanzo ilikuwa na saa ya ukutani yenye mlio wa kukera, na usiku, mama akiwa anasukuma, hakuna unachosikia zaidi ya yeye na ile saa. Nikaja kugundua kwamba wapo akina mama ambao kichwa cha mtoto kikishaonekana, uchungu ukija mara tatu au nne mtoto yuko mikononi mwako. Na wapo wengine ambao kichwa kinaonekana, nywele unaziona, unaweza hata kusema huyu kachukua nywele za baba yake, halafu kinakaa pale pale. Uchungu unakuja, kinasogea, unaachia, kinarudi. Kutoka hapo hadi nje pamebaki vidole viwili tu. Saa inalia, unamwambia mama "sukuma mwanangu", na vidole viwili haviishi.

Nilipoanza kuweka vitone, nilitaka tu kujua kama ni mawazo yangu.

Na mimi nina kitone changu. Nilizaliwa mwaka 1973 katika kijiji cha Wanyaturu, na nilifika miaka ishirini bila kujua kwamba nimekeketwa. Nilijulia chuoni. Mwalimu alichora ubaoni viungo vya uzazi vya mwanamke, akavitaja kimoja kimoja, nami nikawa nanakili mchoro huku nikijiambia leo mwalimu kakosea. Usiku ule niliingia bafuni na kioo kidogo cha kujitazamia uso. Nilipotoka sikumwambia mtu. Tulikuwa wasichana wanne kutoka Singida na Dodoma darasani mwetu, na hadi leo sijui ni wangapi walioingia bafuni na vioo wiki ile.

Miaka sita baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Muuguzi wa zamu alinipiga kofi la paja akisema nasukuma kivivu. Mimi ni mkunga, nilijua sisukumi kivivu. Mwanangu alitoka kimya, wakampeleka kwenye meza iliyokuwa nyuma ya kichwa changu, nikabaki naangalia dari. Leo ni fundi umeme, ana ndevu. Lakini zile dakika za dari sijazisahau.

Nieleze basi kinachotokea, maana wengi wanaosikia neno ukeketaji wanafikiria damu ya siku ile na maumivu ya siku ile, wanaishia hapo.

Wataalamu wanaugawa ukeketaji katika aina nne. Ya kwanza ni kukata kinembe, chote au kipande. Ya pili ni kukata kinembe pamoja na midomo ya ndani ya uke. Ya tatu ni kukata kisha kuunganisha kingo mpaka pabaki tundu dogo la kupitisha mkojo na damu ya mwezi. Hii imeenea zaidi Somalia, Sudan na kwa ndugu zetu wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Ya nne inakusanya yaliyobaki: kuchoma, kukwaruza, kutoboa. Kwetu Tanzania walio wengi wamekatwa kwa aina mbili za kwanza, na walioshonwa ni wachache. Kwa hiyo watu husema: "Kwetu wanakata kidogo tu, hakuna neno."

Lakini kovu halijali kama lilianza na jeraha dogo. Mwanamke anayesukuma chapati atanielewa. Donge la unga ulilolifunika vizuri linatanuka kila upande ukilipitishia mpini. Lile uliloliacha wazi likapigwa na upepo linakauka pembeni, na ukilisukuma katikati linakubali, ila ule ukingo mkavu hautanuki, unapasuka. Nyama ya njia ya uzazi imeumbwa kutanuka mpaka kichwa cha mtoto kipite. Palipo na kovu pana nyama nyingine, ngumu, nyeupe, isiyovutika. Unaiona kwa macho: pande zote zinanyooka na kung'aa, halafu pale juu pamekaza kama uzi uliovutwa. Usipofanya kitu patachanika, na patachanika papendapo penyewe, mara nyingine kuelekea njia ya mkojo, mahali penye mishipa mingi ya damu na pagumu kushona.

Msomaji atauliza, kovu ni la mama, mtoto linamhusu nini?

Kila uchungu unapobana, mfuko wa uzazi unaminya mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Kwa muda huo mtoto ni kama mtu aliyezamisha uso kwenye ndoo ya maji, anaishi kwa pumzi aliyoingia nayo. Uchungu ukiachia, anaibuka. Mtoto mwenye afya anaweza kuzama na kuibuka hivyo mara nyingi sana bila shida. Ila wakati wa kusukuma, uchungu unakuja kila baada ya dakika mbili au tatu, na kadiri kichwa kinavyokaa mlangoni ndivyo kila mzamo unavyomkuta hajamaliza kuvuta hewa ya mzamo uliopita. Ukiweka fetoskopu tumboni unasikia. Moyo uliokuwa ukipiga 140 kwa dakika unakuja 120, unakuja 100. Baada ya uchungu kuachia unategemea upande haraka. Ukichelewa kupanda, mkunga anaanza kutokwa jasho.

Nilikuwa na daftari langu la vitone kwa karibu miaka kumi nilipoletewa, kwenye semina moja, matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani. Yalichapishwa Juni 2006 katika jarida la kitabibu la Lancet. Waliwafuatilia wanawake 28,393 waliojifungua katika vituo 28 vya nchi sita, zikiwemo Kenya, Sudan, Nigeria na Burkina Faso, kati ya Novemba 2001 na Machi 2003. Nilisoma jedwali lile mara tatu nikiwa nimesahau chai yangu. Ukilinganisha na wanawake ambao hawakukeketwa, wenye aina ya pili walikuwa na hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua iliyozidi kwa asilimia 21. Wenye aina ya tatu, asilimia 69. Watoto waliohitaji kusaidiwa kupumua waliongezeka kwa asilimia 28 kwa aina ya pili na 66 kwa aina ya tatu. Vifo vya watoto, waliozaliwa wafu na waliofariki siku za mwanzo, vilizidi kwa asilimia 15, 32 na 55, kufuata aina ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wakakadiria kwamba ukeketaji unaongeza kifo cha mtoto mmoja hadi wawili katika kila uzazi 100.

Lakini mstari ulionishika zaidi ulikuwa ule ambao haukuwa na tofauti. Uzito. Watoto wa mama waliokeketwa hawakuzaliwa wadogo kuliko wenzao. Miezi tisa tumboni walikula, walikua, walinenepa sawasawa na wengine. Hawakuwa wagonjwa. Walifika mlangoni wazima, wakachoka mlangoni.

Nitasimulia uzazi mmoja. Januari 2014, mvua ilikuwa imekata barabara na gari la wagonjwa halikuweza kutoka kituoni kwetu. Binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza, njia ilifunguka sentimita zote kumi vizuri kabisa, patografu yake, ile chati ya maendeleo ya uchungu, ungeweza kuitumia kufundishia. Nje kwenye benchi alikuwa mama mkwe wake na kikapu cha uji. Kichwa kikaonekana saa nane na dakika kumi usiku. Saa nane na dakika hamsini kilikuwa pale pale.

Nilichemsha maji, nikaloweka kitambaa safi, nikakikamua na kukibandika chenye uvuguvugu chini ya uke. Hiyo husaidia nyama kulegea. Nyama ya chini ililegea. Ya juu haikulegea. Nikasikiliza moyo: 104. Nikachoma ganzi, nikasubiri uchungu ufike kileleni, nikamwongezea njia kwa mkasi kuelekea ubavuni, mbali na njia ya haja kubwa. Kichwa kikaja, na papo hapo, licha ya njia niliyoongeza, kovu la juu likaachia lenyewe. Nilihisi kabla sijaona. Damu ilikuwa ya moto kwenye kifundo cha mkono wangu, juu ya glovu.

Mtoto wa kike. Kilo 3.2. Tepetepe, rangi ya bluu ya mvuke, kimya.

Msaidizi wangu akabana mpasuko kwa pedi, mimi nikamgeukia mtoto. Mkunga ana mikono miwili tu, na watu wawili wa kuokoa. Ukaushe mwili, umsugue mgongo, umwangalie kifua. Asipopumua, uwe umeanza kumpulizia hewa kwa ambu, ile pampu ndogo ya mkono yenye barakoa, kabla ya sekunde sitini kwisha. Dakika hiyo tunaiita dakika ya dhahabu. Tulifundishwa kwa mwanasesere wa mpira anayejazwa maji ili awe mzito kama mtoto wa kweli, katika mafunzo yaliyoenea nchini kuanzia 2009. Hospitali ya Haydom, jirani zetu wa Manyara, wamekuwa mstari wa mbele katika jambo hili. Matokeo ya hospitali nane za Tanzania yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Kwa hiyo nikihesabu kwa sauti pumzi ya moja, ya mbili, ya tatu, sikuwa nikiomba muujiza, nilikuwa nikifanya kazi niliyofundishwa. Kifua kikapanda. Dakika ya tatu akakunja uso. Ya nne akalia, kilio chembamba cha kulalamika, kama cha paka aliyekanyagwa mkia.

"Sista, amelia?" mama mkwe akauliza kutoka nje.

"Amelia, mama."

"Ni nani?"

"Ni bibi mwenzako."

Akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama wa mtoto, sindano ya oksitosini nimeshampa pajani, nakamua tumbo, nashona nikimulikwa na tochi ya simu. Nilishona kwa saa nzima na dakika ishirini. Katika kaunta buku ule mstari una kitone, na mbele ya neno "alilia" nimeandika: dakika ya 4.

Zipo jamii za Afrika Magharibi zinazoamini kwamba kinembe kikimgusa mtoto kichwani wakati wa kuzaliwa, mtoto atakufa. Kwetu Singida hilo sijawahi kulisikia. Tuna letu. Tuna lawalawa.

Lawalawa ni jina la mwasho, uchafu na maumivu ya mkojo kwa watoto wa kike na wanawake. Wazee wanasema zamani haukuwepo. Ulianza kusikika miaka ya 1970, baada ya serikali kuanza kupiga vita ukeketaji. Watu wakasema ni laana ya kuacha mila, na dawa yake ni kukata. Mimi naujua ugonjwa wenyewe. Ni maambukizi ya njia ya mkojo au fangasi za ukeni, katika mkoa ambao maji ya kuogea mtoto huchimbwa kwenye mchanga wa korongo lililokauka. Unatibika kwa dawa. Lakini sheria ya mwaka 1998 ilipokuja, ikamfanya anayemkeketa au kumkeketesha msichana chini ya miaka 18 kuwa mhalifu, lawalawa ikawa kichaka cha kujifichia. Zile sherehe na ngoma zilikoma, kisu kikashuka umri. Badala ya msichana wa miaka kumi na mbili anayeweza kukimbilia kwa mwalimu, sasa ni mtoto wa siku kumi aliyefungwa khanga. Hakuna ngariba wa kulipwa. Ni bibi, chumbani, na wembe au ukucha alioufuga.

Siku moja ya kliniki, mwaka 2017, mama alileta mtoto wa siku tisa. Unajua mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa ile suruali ya kitambaa halafu anatundikwa. Mama hakutaka kumfungua. "Mpime hivyo hivyo, Sista, kuna baridi." Ilikuwa saa tano, jua la Oktoba, mabati yanalia kwa joto. Nikamshika mtoto shavuni: baridi. Midomo myeupe. Alikuwa amekataa ziwa tangu jana yake. Nilipofungua khanga ya ndani nilikuta majivu yaliyoshikana na damu.

Mtoto wa kilo 2.7 ana damu isiyojaza chupa ya soda. Hesabu yake ni kama mililita 80 hadi 85 kwa kila kilo. Chukua kile kikombe kidogo cha kahawa ya barazani: kikimwagika kimoja, mtoto amepoteza karibu moja ya tano ya damu yote. Mtu mzima angekuwa amepoteza lita nzima. Na mtoto mchanga haongei, halalamiki kizunguzungu, anachofanya ni kulala sana na kuacha kunyonya, na watu wa nyumbani wanasema ametulia. Ukiongeza hapo pepopunda kwa yule ambaye mama yake hakuchanjwa, na wadudu wa wembe na majivu kuingia kwenye damu isiyo na kinga bado, utaelewa kwa nini baadhi ya watoto wa kike wa siku kumi huzikwa nyuma ya nyumba na sababu ikatajwa kuwa "homa".

Yule alipona. Hospitali ya wilaya walimwongezea mililita 50, yaani kile kile kikombe cha kahawa.

Niliandika ukweli kwenye barua ya rufaa, polisi wakaja, bibi akachukuliwa. Sheria inasema kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo hainunui ng'ombe mzuri mnadani. Kilichofuata ndicho sikukitegemea: kwa miezi miwili akina mama wa kijiji kile hawakuleta wachanga kliniki. Walioleta walikuwa wamewafunga nepi mbili mbili. Chanjo zikapita. Sisemi nilikosea kuandika. Ningeandika tena leo. Nasema tu kwamba polisi alifika mapema kuliko maelezo, na maelezo yalikuwa kazi yangu.

Tangu hapo nikabadili. Mama mjamzito akitimiza miezi saba namwambia mahudhurio yanayofuata aje na mkwe wake, na mume akipatikana naye aje. Simwelezi mkwe habari za haki. Namuuliza alizaa wangapi, waliobaki wangapi, na wa kwanza alitokaje. Wengi wanaanza kusimulia wenyewe, tena kwa undani, maana hakuna aliyewahi kuwauliza. Baadaye ndipo nachora kovu kwenye karatasi.

Na kwa mama aliyekeketwa anayesoma hapa: mwambie mkunga wako mapema, kliniki, usisubiri leba. Si aibu yako, hukujikata. Ukisema, tutakupangia kujifungulia mahali penye damu ya kuongezewa na daktari wa upasuaji, tutaandaa ambu kabla na si baada, na kama ulishonwa unaweza kufunguliwa kitaalamu wakati wa ujauzito au uchungu unapoanza. Wengi wenye vitone kwenye daftari langu wamejifungua kawaida, salama, na watoto wao wako shule. Kovu haliondoki, ila linaweza kusubiriwa na mtu aliyejiandaa.

Takwimu za taifa zinatia moyo kidogo. Mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 walisema wamekeketwa. 2015 na 2016 walikuwa 10. Mwaka 2022 ni 8. Nashangilia, kwa tahadhari ya mkunga. Hesabu hiyo ni ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto aliyekatwa jana usiku ataingia kwenye hesabu baada ya miaka kumi na mitano, na huenda akajibu hapana, akiamini kabisa, kama mimi ningejibu kabla ya kile kioo.

Mwaka jana ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza mama yangu. Ana miaka zaidi ya themanini, anasikia vizuri, haoni vizuri. Alikuwa uani anapepeta uwele. Nilimuuliza kwa nini. Hakujifanya hajaelewa.

"Ulikuwa unalia ukikojoa," akasema. "Una miezi minne. Unakojoa, unalia. Bibi yako akasema ni lawalawa."

Akapepeta kidogo, akapuliza makapi.

"Siku hizi mtoto akilia hivyo mnampa nini?"

Nikamwambia tunapima mkojo, tukikuta wadudu tunampa dawa ya maji, siku saba.

"Shilingi ngapi?"

"Chini ya miaka mitano ni bure, mama."

Akanyamaza. Kisha akanisukumia ungo, nimalizie kupepeta mimi, maana mikono yake, alisema, imechoka.